Taa ya Bluu, Sombe na Beseni la Papa Bizimana

Vijana wangu mnaosomea kazi ya kamera za tumboni, mmeniomba mara tatu niandike jinsi kazi hii ilivyoanza kwetu hapa Goma. Mara tatu nimewaambia njooni nyumbani nipike chai tuzungumze, maana vidole vyangu vimechoka. Hamkuja, mna mitihani. Basi nimekaa niandike. Ila someni mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nina kazi ya kuwapa, na kazi hiyo siwezi kuifanya peke yangu tena.

Kwanza mjue nani anawaandikia. Mimi ni Zaina, mtoto wa mtaa wa Mabanga hapa Goma. Babu yangu alitoka Kasongo na mzigo wa samaki wakavu, akaishia hapa. Vita vya kwanza vilipofika niliondoka kwa miguu nikavuka mpaka wa Rwanda hadi Gisenyi, na baada ya safari ndefu nikajikuta Ubelgiji, katika mji wa mvua, nikisugua sakafu za hospitali. Mchana nilisugua, jioni nilisoma. Darasani nilikuwa mweusi peke yangu, na mkubwa kuliko wote kwa umri. Nilimaliza wa pili. Aliyekuwa wa kwanza baba yake alikuwa profesa. Wangu alikuwa fundi cherehani. Pigeni hesabu wenyewe nani alikuwa wa kwanza kwa kweli. Diploma yangu iko ukutani, ina fremu na kioo, na nikifa mtaizika baadaye, siyo pamoja na mimi.

Huko ndiko nilikoijua taa ya bluu. Hospitali yetu ilikuwa ya kwanza katika mji ule kuijaribu, na mimi ndiye niliyeshika swichi yake.

Ninyi leo mnabonyeza tu, kwa hiyo niwaeleze kama vile hamjawahi kuiona. Utumbo mpana ukimulikwa kwa taa nyeupe unaonekana wote rangi moja, kama ulimi. Kinyama kilichoota ukutani kikasimama kama uyoga, hata mgeni atakiona. Lakini kipo kingine kinacholala bapa kama chapati kwenye sahani, rangi yake na ukuta ni sawa. Hicho hakiumi, mara nyingi hakitoi hata damu. Kinalala miaka, halafu siku moja kinaamka na jina jingine, saratani. Taa ya bluu inafanya kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha kama mtoto. Ukimulika ukuta wenye afya kwa bluu, ukuta unajibu kwa kijani. Hatujaupaka dawa, hatujaweka rangi, ni nyama yenyewe inayong'aa. Pale palipoanza kuharibika, kijani kinafifia, na skrini inakuonyesha zambarau, kama ganda la biringanya. Zambarau haisemi "saratani". Inasema simama hapa, tazama tena. Ukikiondoa kinyama wakati huo, ugonjwa umeukata kabla haujazaliwa.

Nilikuwa Ubelgiji bado wakati volkano ilipopasuka na lava ikashuka katikati ya mji. Niliona kwenye televisheni, nikiwa na ndoo ya maji mkononi, moto ukitembea polepole katika barabara niliyoijua. Hospitali ndogo niliyoifanyia kazi nikiwa msichana, nikifua mashuka, iliingia chini ya jiwe. Wenzangu wakaniuliza kama ndiyo nchi yangu. Nikawaambia ndiyo, na nitarudi. Walicheka. Miaka michache baadaye nilirudi na masanduku manne, kamera mbili zilizotumika, taa ya bluu na diploma.

Siku ya pili nilikwenda kuitafuta hospitali yangu. Palikuwa jiwe jeusi tu, watu wamejenga vibanda vya mbao juu yake. Na juu ya jiwe hilo alikuwa amesimama Papa Bizimana.

Huyu ndiye mtu wa habari hii. Ni mtu wa Rutshuru, mrefu, mkimya, Mkristo wa kufunga na kusali. Katika hospitali ile ya zamani alikuwa mkuu wa chumba cha kuchemshia vyombo, na ndiye aliyenifundisha kufua shuka la damu kwa maji baridi kwanza. Kidole gumba chake cha kushoto kilipinda, kiliwahi kubanwa na mlango wa mtungi wa mvuke. Aliniona, hakushangaa. Akagonga jiwe kwa kisigino.

"Zaina. Chumba yetu iko hapa chini. Mita mbili tu."

"Papa, ulitoka na nini?"

"Na beseni." Kweli. Siku ya lava kila mtu alibeba alichokipenda, yeye alibeba kichwani beseni jeupe la bati la hospitali, lililopakwa emaye, limejaa mikasi na koleo. Mikasi iliibiwa njiani. Beseni lilibaki, ukingo umemeguka mahali pawili.

Nikamwajiri siku ileile. Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilijitengeneza mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono. Ni kweli kwa Ubelgiji. Kwa Goma siyo kweli kabisa, na ninyi ni wa kwanza kunisikia nikisema hivyo.

Tulipata chumba mtaa wa Ndosho, katika zahanati iliyokuwa na jenereta nzuri. Daktari wetu alikuwa Mnande asiyesema maneno kumi kwa siku. Yeye aliongoza kamera, mimi nilishika taa na kusoma rangi, kwa sababu rangi zile alikuwa hazijui. Nikisema "hapa", alisimama. Nikisema "endelea", aliendelea. Kumbukeni hilo.

Mgonjwa wetu wa tatu alikuwa Papa Saleh, muuza vitenge wa Mabanga, rafiki wa baba yangu. Alikuwa akitoa damu kidogo. Tulimpa dawa ya kusafisha tumbo, kisha ya usingizi, akalala, kamera ikaingia, nikawasha bluu. Vijana! Utumbo uliwaka. Alama nyekundu kama makaa, hapa moja, pale tatu, kule kundi zima. Ubelgiji sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilipiga kelele kwa Kifaransa. Daktari akachukua vipande. Mimi, badala ya kungoja maabara, nikatoka nje na koti langu jeupe nikamwambia mkewe, Mama Mwamini, awe na moyo wa nguvu. Saa sita mchana, huko Mabanga walikuwa wameshatandika mikeka na kuwasha moto wa chungu kikubwa. Papa Saleh alirudi nyumbani kwa moto-taxi, pikipiki ya kukodi, akawakuta majirani wakimlilia. Akauliza, "Nani amekufa?"

Maabara ikajibu kwamba vipande ni nyama safi na mabaki ya jani.

Mama Mwamini akaja kunigombeza, Papa Bizimana akampokea. Akamvutia kiti.

"Mama Mwamini, muzee alikula nini siku mbili kabla ya kamera?"

"Sombe," akasema, yale majani ya muhogo yetu ya kila siku.

"Na kesho yake?"

"Ile siku mulisema asikule. Nikamupa sombe kidogo tu, apate nguvu. Mutu mugonjwa utamunyima sombe?"

Papa Bizimana akanigeukia, uso mtulivu kama wa padri.

"Mama Diplome, umepiga foto ya sombe."

Jina hilo lilinishika siku ile na halijaniacha. Nilipofungua vitabu vyangu nikaona kosa lilipokuwa. Ukijani wa jani una siri yake, ukiupiga mwanga wa bluu unarudisha wekundu. Ubelgiji wagonjwa walikula mkate mweupe siku tatu kabla, na hakuna mwalimu wangu aliyewahi kusikia habari ya majani ya muhogo yaliyotwangwa. Katika nchi ambayo mtu hajala mpaka ale sombe, mimi nilikuja na taa inayong'arisha sombe kuliko ugonjwa. Papa Saleh aliishi miaka mingi baada ya msiba wake. Kila nilipopita dukani kwake alipaza sauti mtaa mzima usikie: "Zaina! Leo ni majani ya lengalenga, kuja uangalie!"

Kutokana na aibu ile Papa Bizimana alitengeneza njia ya kazi ambayo hamtaikuta kitabuni. Nilikuwa na tochi ya bluu ya akiba na kioo cha manjano cha kuchuja bluu. Mgonjwa akishasafishwa, maji yake ya mwisho yaliingia katika beseni jeupe. Papa Bizimana aliingia nalo depo, chumba kisicho na dirisha, akafunga mlango, akamulika maji kwa tochi na kuyatazama kupitia kioo. Wekundu ukionekana, hata punje moja, mgonjwa alirudi kunywa dawa. Maji yakikaa kimya, alitoka na kusema, "Safi." Halafu aliandika katika daftari: jina, alichokula kwa siku tatu, hali ya maji. Mimi nilisoma mstari huo kabla ya kuwasha taa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yetu.

Wagonjwa walinung'unika. Pastor mmoja alishikilia beseni lake kwa mikono miwili. "Hata hii munaangalia?"

"Pastor," Papa Bizimana akamwambia, "hii haijui kusema uongo."

Na alinifundisha kuuliza. Usimuulize mgonjwa amekula nini, muulize aliyempikia. Usiulize kama amekula mboga, atakataa, kwa sababu kwake sombe ni chakula, mboga ni kitu kingine. Taja kimoja kimoja: sombe, lengalenga, majani ya maboga. Mtazame macho unapofika kwenye sombe.

Kwa njia hiyo tukaanza kuona kweli. Mwalimu mmoja wa Ndosho, mwanamke mwenye sauti ya filimbi, maji yake yalikuwa safi. Taa nyeupe ilipita mara mbili bila kuona kitu. Nikawasha bluu, na kwenye kona, nyuma ya mkunjo, palikuwa na biringanya ndogo, bapa, upana wa kucha. Daktari alikiinua kinyama kwa sindano ya maji ya chumvi, akazungusha waya, akakata. Maabara ikasema tumewahi. Mwalimu yule bado anawapigia kelele watoto wa watu mpaka leo. Nani alikiona? Mimi. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni mimi. Lakini jioni ile, Papa Bizimana alipokuwa anaosha kamera, nilimkuta anaimba wimbo wa Kinyarwanda kwa sauti ya chini, na hakuwa mtu wa kuimba. Nauhitaji wimbo ule, vijana. Nimewauliza watu wa Rutshuru, nawaimbia kipande ninachokumbuka, wanasema sauti naikosea.

Kisha uasi mwingine ukaja kutoka upande wa kwao. Nyumba yake ikaachwa, yeye na mke wake wakapotezana njiani, naye akaishia kambini Mugunga, chini ya hema la plastiki. Kila asubuhi alipanda moto-taxi au alitembea mpaka Ndosho, shati limepigwa pasi. Sijui alipiga pasi wapi.

Siku moja niliona anashika ukuta wakati wa kuinama. Nikambana mpaka akasema.

"Damu inatokaka. Kidogo."

"Tangu lini?"

"Weye una wagonjwa, Mama. Miye niko mufanyakazi."

Nikamwamuru, naam, nilimwamuru mtu aliyenifundisha kufua, aje alale kwenye kitanda chetu wiki ile. Akakubali. Asubuhi iliyopangwa alijisafisha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aguse. Akalala.

Asubuhi hiyo mizinga ilikuwa inasikika upande wa Kibumba. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Watu walipita barabarani na magodoro. Jenereta ilikuwa inakohoa, na umeme ukishuka, rangi za skrini yetu zilichanganyika, nyekundu na zambarau zikawa ndugu. Kamera ikafika kona iliyo chini ya ini. Nikawasha bluu. Palikuwa na kitu bapa. Kimefifia katikati ya kijani, rangi kati ya kaa la moto na biringanya.

Daktari akasimama. "Mama Zaina, hii ni nini?"

Nikamwona Papa Saleh na mikeka ya msiba. Nikaona hema la Mugunga, na chungu cha lengalenga, kwa sababu kule hawakuwa na kingine. Mtu aliyezoea kunisomea maji alikuwa amelala kitandani mbele yangu, na mimi sikufungua daftari.

"Majani," nikasema.

"Tuoshe tena?"

Bomu likaanguka, karibu zaidi. "Jumatatu," nikasema. "Tutarudia Jumatatu."

Papa Bizimana alipoamka alikuwa wa kwanza kuuliza. "Umeona nini?"

"Majani tu, Papa. Lengalenga ya Mugunga."

Akafunga vifungo vya shati, kimoja kimoja. Kisha akacheka.

"Basi hata miye umenipiga foto ya mboga." Akanisukumia mkoba wangu. "Enda, Mama. Mupaka watafunga. Miye nitafunga depo."

Nikaenda. Nilivuka Gisenyi mchana ule katika umati, nikakaa kwa binamu yangu siku kumi na mbili, mji wetu ukiwa mikononi mwa wengine. Niliporudi, zahanati ilikuwa imefagiliwa. Skrini hakuna, jenereta hakuna, hata mapazia. Depo ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikuwa mahali petu, juu ya fremu ya mlango. Ndani, juu ya rafu, beseni jeupe lilikuwa limefunikwa kifudifudi. Nikaliinua. Chini yake palikuwa na tochi, kioo cha manjano na daftari.

Nikalifungua kwenye mstari wa mwisho. Mwandiko wake ulionyooka, hauna hata herufi moja iliyotetemeka:

"Bizimana. Siku tatu: uji mweupe. Majani: hapana. Maji: safi."

Niliketi chini pale pale. Siku tatu kambini, mahali ambapo majani ndiyo chakula, alikuwa ameyakataa, bila kuniambia, kwa sababu ndiyo sheria. Asubuhi ile, kabla ya kulala kitandani, aliingia gizani na beseni lake mwenyewe akalimulika. Kwa hiyo nilipomwambia "majani", alijua nimekosea. Alijua ndani yake kuna kitu. Na alinijua mimi. Angesema neno moja, ningemrudisha kitandani na kuingiza kamera tena, mizinga au hapana. Akacheka, akanipa mkoba nipate kuvuka.

Nilikwenda Mugunga. Hema lake lilikuwa na watu wengine. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta maharage akaniambia, "Yule muzee wa shati? Alienda kutafuta bibi yake. Bamoja banasema Masisi. Miye sijue."

Tangu hapo nimemtafuta. Nilitangaza redioni. Nilikwenda makanisani, mimi Mwislamu, nikakaa benchi la mwisho nikitazama visogo. Nilinunua kamera nyingine, na taa ya bluu nyingine bora kuliko ya kwanza, na kila mzee aliyekuja kutoka Masisi au Rutshuru nilitazama kidole gumba kabla ya uso. Mwanzoni nilikuwa na tumaini kubwa, kwa sababu ninyi mnajua, vinyama hivi ni vivivu. Vinakupa miaka. Nilikuwa najiambia: mwaka mmoja, bado tunawahi. Miwili, bado. Mitano, huenda.

Volkano ilipopasuka mara ya pili na wakatuambia tuhame mji, nilisimama sebuleni nikitazama ukuta. Diploma niliiacha hapo hapo. Nikaweka beseni kichwani nikatembea na umati mpaka Sake. Kijana mmoja wa pikipiki akaniuliza, "Mama, beseni hiyo unauza?" Nikamwambia nitamuuza yeye kwanza. Njia nzima nilitazama nyuso. Na huu uasi wa karibuni, kambi za Mugunga zilipojaa na kisha kutawanywa tena, nilikaa kando ya barabara kwenye kiti cha plastiki, wakipita, nikitazama mikono ya wazee. Diploma, kama mlikuwa na wasiwasi, iko salama. Lava haikufika kwangu.

Najua hesabu. Nimeifundisha mimi mwenyewe, msinifundishe. Lakini hakuna aliyenionyesha kaburi, na mtu aliyeishi kwa usafi kama ule naweza kumtegemea kwa lolote, hata kuwa hai.

Sasa kazi yenu. Magoti yangu hayasimami tena chumbani, ninyi ndio mnaosimama. Akija mzee mrefu, mkimya, kidole gumba cha kushoto kimepinda, anayenawa mpaka viwiko bila kuambiwa, huenda hatasema jina lake. Atawauliza kama mmeangalia maji. Mleteeni kiti. Msimuulize alikula nini, yeye amejiandaa. Kitu kiko kwenye kona chini ya ini, kimelala bapa. Anzieni hapo, kwa bluu. Hata mizinga ikilia, msimwambie Jumatatu.

Akiamka, kabla hajafunga vifungo vya shati, mwambieni Mama Diplome amesoma daftari. Mwambieni maji yalikuwa safi.